Hesabu ya Kimya

Mimi si mtu wa hesabu. Shuleni hapa Kutaisi
mwalimu alinikosoa hadi wino ukamwishia.
Lakini usiku nahesabu.

Zurabi hukoroma kama msumeno kwenye ubao mbichi.
Jirani wa juu hugonga bomba la maji,
asubuhi tunacheka.
Miaka thelathini nimelala kando ya msumeno huo;
haunitishi.
Kinachonitisha ni pale unaponyamaza.

Moja. Mbili. Kifua kinapanda, tumbo linavuta,
na hakuna kinachoingia,
kama mtu anayesukuma mlango uliokomewa kwa ndani.
Kumi na saba. Kumi na nane.
Nje mto Rioni unayapitia mawe yake.
Thelathini na moja,
ndipo anakurupuka, anaifakamia hewa
kama aliyeopolewa kisimani,
kisha anarudi usingizini
asijue kwamba alikuwa ameondoka.

Asubuhi anaapa amelala fofofo.
Kichwa kinamgonga, mdomo umemkauka,
mara nne ameamka kwenda haja ndogo.
Na kazi yake ni mikate: huinama ndani ya tanuri la udongo
akaubandika unga ukutani, moto ukiwa chini ya kidevu.
Jumanne alisinzia vivyo hivyo, ameinama.
Kijana wake wa kazi, Gela, alimdaka kwa mshipi.
Nyusi zimeungua. "Moshi tu," ananiambia.

Gela ndiye aliyenisimulia.

Nikaandika hesabu zangu kwenye mfuko wa unga
nikampelekea daktari.
Akasoma kimyakimya, tarakimu zangu mbovu zote.
"Wanaume huniletea shinikizo la damu," akasema.
"Kimya huletwa na wake zao."

Kwanza tulijaribu vyepesi. Divai ya jioni ikakatwa.
Nikashona jozi mgongoni mwa shati lake la kulalia
ili akilala chali imchome ageuke.
Aligeuka. Kisha akazoea jozi.

Wakamlaza hospitali usiku mmoja,
nyaya kichwani, taa nyekundu kidoleni,
na mashine ikahesabu kunishinda:
mara arobaini na mbili kila saa
koo lilijifunga, ubongo ukamgutusha.

Barakoa aliichukia. "Nafanana na rubani."
Usiku wa kwanza aliitupa chini ya kitanda,
wa pili akailaumu pua yake,
wa tatu akanilaumu mimi.
Muuguzi akamletea ndogo zaidi, akailegeza mikanda.
Wiki ya tatu niliamka saa tisa za usiku
nikasikia kimya, nikaruka,
nikaweka kiganja kifuani pake:
kilipanda, kikashuka. Kilipanda tena.
Hewa ilikuwa ikipita mlangoni bila kubisha hodi.

Ni katika kimya hicho nilichomsikia Nutsa.

Mjukuu wangu, miaka sita, chumba cha pili,
shingo ameitupa nyuma, mdomo wazi,
mto umelowa jasho.
Mwalimu wake anasema hatulii, anapigana, hasikilizi.
Shuka tunaanika kila siku, tunasema atakua.
Na kukoroma kwake, jamani, tulikushangilia mezani:
"Huyu babu yake mtupu!"

Nikaanza kuhesabu.
Kwa mtoto sikungoja kufika kumi.

Daktari alimmulika kooni, akaniita nichungulie:
mafindofindo mawili yamekutana katikati
kama wanawake wawili wanene mlangoni,
hakuna anayempisha mwenzake.
Na nyuma ya pua, alisema, kuna nyama nyingine imeziba.
Waliviondoa vyote mwezi wa Machi.
Nutsa akala aiskrimu siku tano, akanichukia siku mbili,
na siku ya sita akalala mdomo umefumbwa.
Nilimtazama mdomo ule kama mtu anayetazama barua.

Tutarudi akapimwe tena; mambo haya huweza kurudi.
Zurabi bado ananung'unikia ile mikanda,
nyusi zimeota, moja imekaa upande.

Nami mwili wangu haujaacha. Taa ikizimwa, naanza:
moja kwa babu, moja kwa mtoto.
Jana nilifika tisa,
nikapotea.